Kidole Juu ya Usukani: Maisha ya Virgil Leiker, 1951–2024

Padre, dada yangu Rosalie, watoto, wajukuu, ndugu na majirani, mliokuja kumlilia marehemu na mliokuja kwa sababu ya nyama ya nguruwe inayookwa huko chini ukumbini, mimi Norbert Weigel, kaka wa mjane, nimepewa na familia heshima ya kuwasomea maisha ya Virgil Anton Leiker, nami nimeikubali kwa kuwa wote wenye kalamu nzuri kuliko yangu wanalia, na kwa kuwa katika kaunti hii ya Haskett hakuna aliye hai anayezijua habari za Virgil kunishinda, na kama yupo ajitokeze tushindane.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, hapa Marienfeld, Kansas, jikoni kwa mama yake, akiwa mtoto wa nne wa mzee Anton Leiker na mama Clementine, na alizaliwa jikoni si kwa kupenda bali kwa sababu hospitali ya Haskett haikuwapo bado, wazazi wetu waliijenga mwaka 1955 kwa ngano yao, kwa bahati nasibu, na kwa mikate ya nyama na kabichi waliyouza kanisani kila Jumapili mpaka Padre wa siku zile akasema hata ubani unanuka kabichi.

Alisoma shule ya masista hapa parokiani kuanzia Septemba 1957, kisha sekondari ya Haskett, akamaliza Mei 1969, lakini somo lililomtengeneza Virgil hakulipata kwa masista, alilipata akiwa na miaka mitano, amepakatwa na baba yake ndani ya pikapu kwenye barabara ya changarawe, mzee akauchukua mkono wa mtoto, akauweka juu ya usukani, akamwambia, "Ukikutana na gari, inua kidole hiki cha shahada. Si mkono, mkono ni wa wauza bima. Kidole. Usipoinua, jioni watauliza kama nyumbani kuna mgonjwa."

Nanyi mliotoka Denver na Wichita msicheke, kwetu ndivyo tunavyoishi, mtu akipita unainua kidole kutoka kwenye usukani, awe rafiki au adui, umemwona, amekuona, basi, mmeishi siku nyingine pamoja.

Kwa kazi marehemu alikuwa mkulima wa ngano na mfugaji, shamba lile lile la baba yake, tangu 1969 mpaka siku aliyoanguka, na tarehe 9 Juni 1973, katika kanisa hili, alifunga ndoa na dada yangu Rosalie, baada ya kumchumbia miaka miwili kwa kupita mbele ya nyumba yetu akiinua kidole bila kusimama, hata baba yetu akasema, "Huyu kijana ama ana haya ama gari lake halina breki." Mungu akawajalia watoto watatu, Curtis, Janelle na Duane, ambao wote wapo hapa, na wajukuu watano, ambao wapo hapa pia, kama masikio yenu yanavyoshuhudia.

Novemba 2004 marehemu alichaguliwa kuwa mbunge katika bunge la jimbo la Kansas, akawa anakwenda Topeka kila Januari na kurudi mashamba yakianza kuwa kijani, akarudishwa kila baada ya miaka miwili kwa miaka kumi na minane, na hakuwahi kulipia utafiti wa maoni ya wapiga kura hata mmoja, yeye aliyasoma matokeo barabarani. Kidole kilichoinuka chenyewe kilikuwa kura, kidole kilichongoja chake kiinuke kwanza kilikuwa mtu wa kutembelewa, na aliyeinua viwili alikuwa na ombi. Mwaka 2010 aliniambia kwenye ghala la nafaka, "Shemeji, nitapata sitini na nane kwa mia," akapata sitini na saba, na tulikaa wiki nzima tukimtafuta aliyetudanganya kwa kidole chake.

Sasa nafika mahali ambapo familia iliniomba nipite haraka, nami nitapita kwa mwendo wa trekta.

Mwaka 2021 kampuni moja ya umeme wa upepo ilitaka kusimamisha mitambo yake katika mashamba yetu ya kusini, ikaahidi kuipa kaunti mchango kila mwaka, na Virgil, aliyekuwa mjumbe wa bodi ya hospitali, alijua kuwa hospitali yetu imeanza kukohoa kuliko wagonjwa wake, na kwamba mchango huo ndio dawa pekee iliyobaki kabatini. Lakini watu hawakuitaka mitambo, wengine kwa sababu ya mlio, wengine kwa sababu ya ndege, na wengi, tuseme kweli tukiwa mbele ya jeneza, kwa sababu mtambo, pamoja na kodi yake, ungesimama kwenye shamba la jirani na si kwenye lao. Machi 2022 ukaletwa bungeni Topeka muswada wa kukataza mtambo wowote usisimame ndani ya maili moja na nusu kutoka nyumba ya mtu asiyeutaka, na katika kaunti hii mahali pa namna hiyo hakuna, labda mbinguni.

Jumapili kabla ya kura hiyo tulikuwa mezani kwao tukila tambi, Rosalie akamwambia, "Baba Curtis, wape wanachotaka, urudi nyumbani tupumzike."

"Nikishawapa, mama, siku pumu yako ikikukaba nikukimbize wapi?"

"Watakutoa."

"Watanitoa," akasema, akaongeza tambi.

Tarehe 22 Machi alipiga kura ya hapana, muswada ukaanguka kwa kura chache, na tarehe 9 Aprili watu wakamwita katika ukumbi wa wanajeshi wa zamani ajieleze, ukumbi ukajaa, pai zikaliwa, akasimama Galen Koerner, ambaye wakati huo alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe na leo ni mheshimiwa, namwona benchi la tatu, karibu sana mheshimiwa, akauliza kwa ile sauti yake ya kuuzia mitamba, "Virgil, hizo pangaboi zako zikikata bata, supu anakunywa nani?"

Watu wakacheka. Virgil naye akacheka, kisha akasema, "Galen, wewe umeuza kila kitu katika kaunti hii, umeuza ng'ombe wa marehemu na kitanda cha mjane wake siku moja, kumbe upepo ndio uliokushinda bei?"

Wakacheka zaidi, hata mke wa Galen alicheka, nilikuwa karibu naye, na kama kikao kingeishia hapo basi Virgil angekufa akiwa mbunge. Lakini akasimama mzee Linus Schaefer, kofia mkononi, akasema taratibu, "Virgil, mimi nina miaka themanini na moja. Jioni nikikaa barazani kwangu nataka nilitazame jua likizama, pasiwe na kitu mbele yangu. Ni hilo tu."

Na Virgil, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu Topeka, akamjibu, "Utalitazama vizuri, mzee Linus. Utakuwa umelazwa chali kwenye gari la wagonjwa, maili hamsini mpaka hospitali ya kaunti ya Prell. Dirisha lipo."

Kura yake mngeisamehe, ninyi mmeshasamehe kura mbaya kuliko ile, sentensi hiyo hamkuisamehe, maana ilikuwa kweli, na kwetu mtu anaruhusiwa kuwa na ukweli mradi asiutoe mbele ya pai. Siku ya tatu alikwenda barazani kwa mzee Linus kuomba radhi, akapokewa, akapewa kahawa, na wakati wa kuondoka mzee akamwambia, "Radhi nimekupa, kura sina."

Kampeni ya mwaka huo wote mliiona. Katika kaunti hii anayeshinda mchujo wa chama wa Agosti ameshashinda Novemba, na kufika Juni kila ua lilikuwa na bango la Galen, UPEPO WETU HAUUZWI, herufi nyekundu, na mabango ya Virgil yalikuwa kwa ndugu, kwa manesi wa hospitali, na kwa mtu mmoja aliyekuwa ameondoka kwenda kumtembelea binti yake na hakujua limewekwa. Lakini mabango hayakumuumiza, kilichomuumiza ni barabara. Mwezi wa Julai nilipanda naye pikapu kutoka Marienfeld mpaka ghala la nafaka, ni wakati wa mavuno, magari yanapishana, na kila gari lilipotokea Virgil aliinua kidole chake, na kila usukani uliopita ulikuwa na mikono iliyotulia kama ya sanamu, watu aliowavushia ng'ombe wao kwenye theluji, watu aliowabebea majeneza, macho mbele, mikono chini. Kijana mmoja tu aliinua kidole, na Padre anisamehe, hakikuwa kile cha shahada, kilikuwa cha kati, cha matusi.

"Huyo mwandike," Virgil akasema. "Angalau anaongea na sisi."

Nikamwambia, "Shemeji, nawe acha basi. Weka mkono chini kama wao."

"Nikiacha watauliza kama nyumbani kuna mgonjwa."

"Kwani yupo?"

"Kaunti nzima," akasema, akainua kidole kwa lori la ngano lililokuwa linakuja, nalo likapita.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na Virgil alikuwa na hicho kimoja tu. Tarehe 2 Agosti 2022 alipata thelathini na moja kwa mia, kesho yake akampigia Galen simu, nikiwa nimesimama pembeni, akamwambia, "Hongera. Sasa hospitali ni yako," naye Galen akajibu, "Hospitali itajitafutia, Virgil." Kisha Virgil akazunguka mwenyewe kung'oa mabango yake, ili asimwachie mtu kazi, na nyaya za mabango hayo ndizo zilizosimamisha nyanya za Rosalie mwaka uliofuata, nyanya ambazo baadhi yenu mlipelekewa na mkazila.

Baraza la kaunti, lilipoyaona matokeo hayo, likapiga mitambo marufuku kabla hata majani hayajaanguka, kampuni ikahamia Prell, jirani zetu wa kaskazini mashariki, ambao hawana upepo wowote isipokuwa ule uliokwisha kupita kwetu. Tarehe 30 Juni 2023 hospitali yetu ilifungwa. Mlikuja wengi siku hiyo, mkalia, mkapiga picha, mkaleta keki.

Marehemu hakuwa mtu wa kuugua. Tarehe 11 Januari 2024, alasiri, akiwalisha ng'ombe kwenye theluji, alishikwa na kifua, akajikokota mpaka jikoni, akakaa kwenye kiti karibu kabisa na mahali alipozaliwa, Rosalie akapiga simu, na wakaja watu wetu wa kujitolea wa gari la wagonjwa, Twila Basgall na mwenzake, wakampakia kwenda Prell. Twila ameniruhusu niwaambie haya. Anasema barabara ilikuwa ya utelezi na hawakuweza kukimbia, jua lilikuwa linazama na dirisha lilikuwepo, lakini Virgil hakuliangalia, alikuwa anasikiliza, na aliposikia lori linakuja upande wa pili alikitoa kidole chake kwenye blanketi, akakiinua, lori likapita, akakishusha. Likaja la pili, akakiinua tena, na Twila akamwambia, "Mzee, hawakuoni humo ndani." Akamjibu chini ya kile kifuniko cha oksijeni, "Nawaona mimi." Walipokuwa wanaingia Prell, katikati ya ile mitambo, taa zake nyekundu zimekwisha kuwaka, likaja lori la tatu, na kidole hakikuinuka, ndivyo Twila alivyojua, kabla ya mashine kumwambia.

Hivyo Virgil Leiker alizaliwa kabla ya hospitali na akafa baada yake, na katikati aliipigania hospitali hiyo peke yake, mbele ya watu wake.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa Prell, waliohangaika naye saa nzima katika chumba kipya kilichojengwa kwa upepo, na upepo huo, kama nilivyosema, hupitia kwetu kwanza. Tunawashukuru Twila na wenzake, tunawashukuru manesi wa hospitali yetu ya zamani, wanaosafiri sasa kwenda kufanya kazi mbali. Tunawashukuru majirani kwa tambi na mikate ya kabichi, jokofu la dada yangu halifungi, na chakula kilichokuja wiki hii kingetosha kampeni nzima. Tunamshukuru Mheshimiwa Koerner, aliyetuletea azimio la bunge la kumsifu marehemu, lenye muhuri na fremu ya mbao nzuri, tutatafuta msumari.

Baada ya ibada msafara utakwenda makaburini kwa barabara ya changarawe, ile ile, na najua mtakavyofanya, maana ninyi ni watu wenye adabu, kila pikapu itakayokutana nasi itasogea pembeni na kuzima injini, mtashuka, mtavua kofia katika baridi hii na kuinamisha vichwa mpaka gari la mwisho lipite. Ni desturi nzuri na tunaipokea. Lakini Virgil hakuwahi kuwaomba mshuke, wala mzime injini, wala mvue kofia.

Lala kwa amani, shemeji, leo barabara yote ni yako, na usiwe na wasiwasi juu yetu, upepo wetu tumebaki nao wote.