Usaili wa Ubaharia Itungi

Kwa miaka arobaini mzee Hebroni wa Ndandalo aliwaambia watu kwamba mama yake ndiye aliyemkataza kwenda kwenye usaili wa ubaharia. Lakini mzee aliyeketi naye kwenye bajaji ya kwenda bandari ya Itungi hakumfahamu, na kwa mtu usiyemjua ukweli hutoka kwa urahisi.

"Barua ya kuitwa usaili ilisema tutaogelea mbele ya wasaili," Hebroni alimwambia. "Nami sijui kuogelea. Mtoto wa ziwani! Niliogopa kuchekwa, nikabaki kupalilia mpunga."

"Mwaka gani, mwenzangu?"

"Themanini na tatu."

"Basi tungekutana. Mimi nilikwenda. Nilizama kama jiwe la kusagia, wakanivuta kwa kamba."

Hebroni alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Wakakufukuza!"

"Wakanihurumia. Wakanipa kazi ya kukata tiketi, nchi kavu. Niliifanya mpaka nikastaafu."

Kicheko kilikatika. Bajaji nayo ikasimama bandarini, lakini Hebroni hakusogea.

"Kumbe aliyezama aliajiriwa," alisema taratibu, "na mimi nikabaki mkavu."

"Shuka, ndugu yangu," alisema yule mzee akimnyooshea mkono. "Hapa maji hayafiki."