Specioza Bujiku na Sahani Kumi na Mbili

Baba paroko, viongozi wa kijiji cha Ngulyati, ndugu, jamaa na majirani mlioacha kazi zenu kuja kutusitiri, familia ya Bujiku na familia ya Shigela zinaomba utulivu wenu, ili msikie dada yetu alikopita, tangu alipoiona dunia hadi alipoiaga.

Marehemu Specioza Bujiku alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 hapa hapa Ngulyati, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ya wakulima wa pamba na wafugaji, akabatizwa mwaka 1959, akaanza shule ya msingi mwaka 1960 na kumaliza darasa la saba mwaka 1966, akiwa msichana pekee wa darasa lake aliyefika mwisho.

Mwaka 1972 aliajiriwa Bariadi katika kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba, upande wa kufunga marobota, na huko akakutana na fundi mitambo Maige Shigela, wakafunga ndoa tarehe 14 Septemba 1974, Mungu akawajalia watoto watatu, Januarius, Flora na Paschal, na baadaye wajukuu tisa.

Mwaka 1994, soko la pamba lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, ushirika ulitetereka, mashine zikanyamaza, mume na mke wakapunguzwa kazi siku moja, nyumbani watoto wakiwa bado shuleni. Marehemu hakukaa kushika tama. Alichukua trei moja ya mayai, zile za kijivu zilizokuwa zikiletwa kutoka Mwanza, akailoweka kwenye karai, akaichambua kwa vidole, akaona kumbe ni karatasi iliyopondwa tu, basi akachemsha mabua ya mpunga kwa majivu, akayatwanga kwenye kinu pamoja na karatasi kuukuu, mumewe akamtengenezea kalibu za wavu wa chuma, wakazichovya katika rojo hilo na kuzianika juani.

Trei zikashika. Wafuga kuku wa Nyalikungu kule Maswa wakawa wateja wa kwanza, bustani ya miche ikaagiza vikopo ambavyo mche hupandwa navyo, vikaozea ardhini, wauzaji wa taa za chemli wakataka vitako vya kulazia vioo visipasuke njiani, zahanati nayo ikaomba trei za kusimamishia chupa za dawa, na kufikia mwaka 1996 wanawake sita waliopoteza kazi kiwandani walikuwa wakifanya kazi uani kwake.

Hapa, ndugu zangu, familia ingependa kupita haraka, lakini marehemu mwenyewe akiwa kitandani alimwagiza Flora kwamba jambo hili lisomwe lote, kosa lake likiwemo, na Mzee Machibya, ambaye tunaye hapa, ameridhia jina lake litajwe.

Agosti 1997 parokia ilikuwa ikijiandaa kwa jubilei ya paroko wa wakati huo, Jumapili ya tarehe 24, na Machibya, aliyepewa kazi ya chakula, aliagiza kwa marehemu sahani elfu mbili za karatasi hiyo hiyo ya kupondwa, za kulia mara moja na kutupa. Karatasi zikapungua. Mchuuzi mmoja akaleta maboksi, na marehemu alipoyaloweka alisikia harufu kali iliyomwasha puani, akajua ni maboksi ya dawa ya kuulia wadudu wa pamba, kwa maana miaka ile dawa iliuzwa na kila mtu, popote, ikivuja humo humo ilimowekwa, lakini siku zilikuwa zimembana, akajiambia kuwa maji na jua vitaimaliza, akaendelea na kazi.

Ijumaa asubuhi, sahani zikiwa zimekauka, ndama wao alikunywa maji ya karai la kulowekea, akatetemeka, akatoka povu, na kabla jua halijasimama alikuwa amekufa. Marehemu alikaa chini kando yake. Machibya alipofika na gari, alimweleza yote, naye akasema ndama hufa kwa mengi, huenda ni nyoka, sahani ni kavu, na wageni wako njiani, hata Maige akashauri kwamba labda zisuguliwe na kuanikwa tena. Marehemu akasimama mlangoni mwa stoo, akachukua sahani moja, akamnyooshea Machibya.

"Baba, nenda na hii, umpakulie mwanao wali ale. Mimi nitakusubiri hapa."

Machibya aliitazama ile sahani, hakuipokea, ila akatamka neno lililomkata marehemu maini, kwamba mia tatu za kwanza alikwisha kuzichukua Jumatano, marehemu akiwa hayupo, akazipeleka parokiani.

Alikwenda kwa miguu, mbiombio, kanga ikimvuka, akamkuta Katekista Kristofa, wakafungua stoo na kuhesabu mara mbili, zikapatikana mia mbili themanini na nane. Kumi na mbili hazikuwepo. Wakauliza jikoni, wakauliza kwaya, wakaingia nyumba kwa nyumba, jua linapanda na kila moshi wa jiko unamtia hofu, mpaka mfagiaji mmoja akakumbuka kwamba mke wa Machibya mwenyewe, Eufrasia, alichukua chache akazionyeshe nyumbani.

Walipofika, watoto wa nyumba ile na wenzao wa jirani walikuwa wamekaa duara kwenye mkeka, sahani zimepangwa, wali umepakuliwa unatoa mvuke, na mtoto wa mwisho ameshanawa.

"Mayu, karibu chakula," Eufrasia akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Marehemu alipita katikati yao na kuzimwaga sahani zote chini, moja moja, akihesabu kwa sauti hadi kumi na mbili, ndipo akaketi juu ya wali ule uliomwagika, akalia, akasema, "Nilisikia harufu, nikanyamaza."

Jumamosi alichimba shimo refu mbali na kisima, yeye na mumewe, wakazifukia sahani zote pamoja na ndama, na Jumapili, wageni wakila kwenye majani ya migomba na sinia za kuazima, alisimama mbele ya waumini akaeleza alichokifanya, baadhi wakamnung'unikia, wateja wengi wakamkimbia, na ilimchukua miaka mitatu trei zake kuaminika tena. Tangu siku ile hakutengeneza chombo cha kulia, na hakuna karatasi iliyoingia kinuni kabla hajainusa mwenyewe.

Aliendelea na kazi hadi mwaka 2009, kifua kilipoanza kumsumbua, akatibiwa Bariadi na Mwanza, na Jumamosi tarehe 11 Mei 2013, saa nne asubuhi, alifariki mikononi mwa Flora, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliompikia uji na kumgeuza kitandani, wenzake wa kiwandani na wale sita wa uani, baba paroko kwa sakramenti, na watoto wa Mzee Machibya, wote saba, waliofika tangu juzi na kulichimba kaburi hili kwa mikono yao.

Mama Januarius, dada yetu, tumeyasema yote kama ulivyotaka. Pumzika kwa amani.