Swali Moja kwa Mheshimiwa

Boti ilipotoka Mtangawanda, kisiwani Pate, kwenda Lamu, redio ya nahodha ilikuwa ikimtaja mbunge wetu. Amesema watu wa visiwani wapewe vitambulisho bila kuhojiwa kama wageni, Pate ipate boti ya wagonjwa, na wauguzi wa mkataba waajiriwe kabisa.

"Maneno tu," akasema msichana kando yangu, Valary, muuguzi huko Chundwa, kijiji cha Pate, ingawa kwao ni Kakamega. "Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Hotuba haizalishi mtu."

Bi Saadiya wa Siyu, aliyekaa mbele yetu na bahasha mapajani, akageuka. "Zamani hakuna aliyeyasema, mwanangu. Huyu kayasema, basi ana la kujibu. Yuko Lamu yeo hii, anasikiliza watu. Naenda kumuuliza."

Bahashani, akatuambia, mna karatasi za baba, babu na baba wa babu wa mwanawe Shuaib, aliyetimiza miaka ishirini na mitano bila kitambulisho. Mimi baba wa babu yangu hata jina silijui, na kitambulisho ninacho.

"Watakupa swali moja, mama," akasema Valary. "Wanasiasa nawajua."

"Moja lanitosha."

Tukafika gatini. Valary akamshika mkono kumpandisha ngazi. "Haya, Mungu amsaidie Shuaib."

"Shuaib kashazoea kusubiri," akasema Bi Saadiya. "Nitauliza la mkataba wako. Mke wa Shuaib amerudi kwao Chundwa kujifungua. Ana miezi minane, na huyo wa tumboni hasubiri mtu."