Dada Yustina na Bajaji ya Kitanda Kimoja

Baba Paroko, wazee wangu shikamooni, majirani wa Mtanda na wageni mliotoka Kilwa Masoko na Mingoyo, mimi ni Laurenti Petro Mnali, mdogo wake marehemu, yule mnayeniita Baharia, niliyefika Durban, Maskati na Karachi na kurudi na kitambi tu. Naomba radhi kwa mistari iliyokatwa kwenye karatasi hii, kwani jana nilipopewa kazi ya kuandika nilichukua historia ya marehemu baba yetu mdogo iliyokuwamo kwenye simu yangu, nikabadilisha jina, nikajiona mjanja, na leo asubuhi nilipowasomea ndugu ndani, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, nikatamka kwamba dada Yustina alikuwa hodari wa kukwea minazi na kwamba ameacha wajane wawili. Mkamwana wake, Antonia, ndiye aliyenikata, akasema, "Mjomba, leo tunamzika mama au tunamzika babu?" Basi nimeandika upya.

Marehemu Yustina Petro Mnali alizaliwa tarehe 12 Mei 1958 huko Mingoyo, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Petro Mnali, alianza darasa la kwanza mwaka 1966 hapohapo Mingoyo, akaendelea na masomo hadi akahitimu uuguzi na ukunga mwaka 1981, na tangu hapo hadi alipostaafu mwaka 2018 alifanya kazi katika zahanati za vijijini wilayani Kilwa, akipokea watoto ambao wengine leo wana mvi na bado walikuwa wakimkimbia barabarani wakidhani ana sindano.

Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na marehemu Kosmas Nandonde, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Sebastiani, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1985, ambaye naye alimwoa Antonia mwaka 2014 na wakaweka makazi hapa Mtanda, Lindi mjini.

Hapa naomba nisikimbie, maana dada mwenyewe alinikataza kukimbia. Mwaka 2016 Antonia alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza binti hurudi kwa mama yake, na mama yake yuko Mingoyo na alishatandika kitanda, lakini dada alikwenda na doti ya kanga, akapiga goti kwa mkwe mwenzie akamwambia, "Mkwe wangu, niachie. Nimepokea watoto wa watu maisha yangu yote, huyu wangu apokewe na nani?" Antonia mwenyewe alisema, "Mama, mimi ningebaki Mtanda, hospitali naiona kutoka dirishani," na dada akamjibu, "Hospitali haina bibi." Tulicheka sana, hata mimi niliyekuwa Durban nilipiga simu nikasema mwacheni mwenye fani yake, na Antonia akafungasha akaenda Kilwa, kwenye zahanati ya kando ya barabara alikokuwa mama mkwe wake.

Tarehe 21 Aprili 2016 mvua ilikata kalavati upande wa Lindi, magari yakasimama, na miongoni mwa wasafiri waliokwama alikuwamo Mama Mubina, mke wa Mehdi mwenye duka la vitambaa Kilwa Masoko, mjamzito, aliyeletwa zahanati akitokwa na damu, wakati kitanda cha pili Antonia yuko kwenye uchungu uliogoma tangu jana yake. Kilichoweza kupita njia ya porini ni bajaji ya wagonjwa, na bajaji ile ina kitanda kimoja. Muuguzi mwenzake, Happiness, aliyekaa pale mstari wa pili, alimwambia, "Dada, huyu ni Antonia wetu," naye akajibu, "Namwona. Yule damu inamwishia, hawezi kusubiri. Antonia anaweza. Mpandisheni yule." Mama Mubina akapandishwa, Happiness akafuatana naye, bajaji ikafika hospitali, na katika kurudi ikazama kwenye tope.

Mtoto wa Antonia, wa kiume, hakulia. Wanaume walimbeba mama yake kwa kitanda cha kamba wakamvusha maji, akapona yeye, ila mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka, ukatolewa, na Sebastiani na Antonia hawakupata mwingine.

Wakubwa wa kazi walikaa wakasema uamuzi ule ulikuwa wa haki, hata yeye alijua ni wa haki, lakini aliniambia, "Laurenti, kichwa kimenipa maksi zote, moyo umenifelisha." Kila Idi sinia la pilau lilikuja kutoka kwa Mama Mubina, dada akilipokea kwa mikono miwili, akiwapakulia wote, na yeye hagusi hata punje. Antonia alikula, tena akaomba ukoko, na dada akaona hiyo ndiyo adhabu yake.

Alipostaafu alihamia hapa kwa mwanawe, mwaka 2022 akaanza kusumbuliwa na presha, kisha figo, na kwa muda wote huo aliyemwogesha, aliyemgeuza na kumlisha uji ni Antonia, bila kusema neno juu ya siku ile. Wiki yake ya mwisho dada alinishika shati akasema, "Ukisoma historia yangu, muulize mbele za watu kama amenisamehe ile bajaji." Alifariki dunia tarehe 3 Machi 2025 alfajiri, hajajibiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, watumishi wenzake wa Kilwa, majirani mliotuletea maji, kuni na maturubai, jumuiya, na familia ya Mehdi na Mama Mubina, ambao wamefika.

Dada yangu, mkunga wetu, lala sasa, Mungu akupe amani ambayo sisi hatukuwa nayo ya kukupa.

Kuhusu swali, mimi ni mwoga, sikuthubutu kungoja hadi hapa kaburini, nilimuuliza Antonia leo asubuhi baada ya ule upuuzi wangu wa wajane, nikitumaini nitawaletea neno jema la kufungia. Alikuwa anakunja kanga za marehemu, hakuinua uso, akaniambia niliandike kama lilivyo na nisiongeze langu:

"Bajaji nilimsamehe siku ileile, hata mimi ningempandisha yule. Kunitoa Mtanda sijamsamehe. Twendeni tukazike."