Kahawa ya Mzee Alois na Protini Zilizojikunja

Mnanisumbua niwasimulie habari za benchi la wanaume, kama vile wanaume wenyewe hawana midomo. Haya. Benchi liko Makanyagio, kando ya cherehani ya Nashon, tunayemwita Pasi. Bashiru anauza kahawa; Shadrack wa bodaboda, jina lake Kona, anauza maneno. Kila asubuhi mmoja huwanunulia wenzake, kwa zamu. Mzee Alois naye hukaa hapo, ila siku hizi anasahau: mkishasalimiana, kabla kikombe hakijaisha anakusalimia tena. Mimi nilikuwa shambani Kasekese kuvuna karanga. Siku niliyorudi kuziuza pembeni yao, nikakuta ubishi.

Ummy, binti wa jirani yangu Zubeda, anayetafiti uzee huko chuo kikuu, alikuwa amezungumza na watu zahanati kuhusu wazee kusahau. Kila mmoja alirudi na kipande chake.

— Mwilini mna protini ndogo hazionekani, alisema Pasi. Kila moja inajikunja kwa mkunjo wake. Ikikosea, kazi haifanyi.

— Na ukizeeka, mwili unashindwa kuzifagia zilizokosea, alisema Bashiru. Zinagandana. Zikigandana kwenye ubongo, ndiyo kusahau huko.

— Sasa protini si dagaa? akauliza Kona. Dagaa wa Karema wakianikwa wanajikunja. Mzee Alois kala waliopinda maisha yake yote.

— Walionyooka wanauzwa wapi? akauliza Mzee Alois.

— Unawachagua, mzee wangu.

— Mmoja mmoja? nikasema. Mtakula saa ngapi, nyie?

— Bibi, hii sayansi.

Pasi akasema mkunjo dawa yake moto: mzee avae koti zito, akae juani mchana. Kona akakataa, tatizo ni barabara. Mtu akipanda bodaboda miaka mingi, kila kitu ndani kinalalia upande, kwa hiyo wazee wabebwe kinyumenyume.

— Mpaka wapi? akauliza Mzee Alois.

— Mpaka Ilembo, kwako.

— Kumbe. Na leo zamu ya nani?

— Yako, mzee wangu.

Mzee akatia mkono mfukoni. Ummy alikuwa amesimama mbele yangu, ananunua karanga, akawageukia.

— Shikamooni.

— Marahaba. Daktari, tuamue, alisema Kona. Dagaa au barabara?

— Hakuna hata kimoja. Dagaa wakifika tumboni wanavunjwavunjwa, mwili unajitengenezea protini zake. Kwa nini huyu anasahau na yule hasahau, bado tunatafuta. Dawa ya kumrudisha mtu alivyokuwa hatuna. Ila nyie kumbukumbu zenu nzima, eti?

— Kabisa.

— Jana ilikuwa zamu ya nani? Na juzi?

Bashiru akachungulia birika. Pasi akakanyaga cherehani isiyo na nguo. Watatu wenye akili timamu, wote wamesahau kwa mpigo.

— Ilikuwa yangu? akauliza Mzee Alois.

Ndipo nikaelewa: muda wote nilipokuwa shamba, kila asubuhi walikuwa wanamwambia mzee zamu ni yake, wanakunywa kwa pesa yake. Ummy hakumgombeza mtu. Niligombeza mimi, mpaka Bashiru akamtaja aliyeanzisha ujanja huo: Kona.

Ndiyo adhabu yake: sasa kila siku Kona anamrudisha mzee Ilembo kwa miguu, pikipiki anaisukuma, maana mzee haipandi. Njiani anasimuliwa jinsi Katarina, marehemu mkewe, alivyomkataa mara ya kwanza. Hadithi ikiisha inaanza upya, na Kona lazima aulize, "Halafu ikawaje?"