Bomba la Mlangoni

Basi la Magomeni lilipoondoka Kariakoo, Sabaha aliipakata ndoo yake. Samaki wa kukaanga walikuwa wamekwisha tangu saa nane, lakini harufu ilikuwa bado. Kwenye kiti cha mbele yake, kijana mwenye daftari alikuwa akimhoji mama mmoja wa makamo.

"Nimewauliza wakutubi tisa, Mama Selina, nisanifu kitu gani kwa ajili ya maktaba zetu. Wote wamesema makabati. Wewe wa kumi unaniambia bomba la maji!"

"Bomba, ndugu Ignasi, pale nje mlangoni. Na sabuni."

"Chuoni watanicheka."

"Wacha wacheke. Watu wamemaliza kisomo cha watu wazima, wapagazi, wakaanga samaki, wanakuja mpaka mlangoni. Wanakikuta kibao cha 'Mikono Safi', wanakisoma vizuri kabisa, wanaitazama mikono yao, wanarudi walikotoka."

Sabaha aliificha mikono yake ndani ya khanga. Kibao kile alikuwa amekisoma Jumatatu, tena bila kukwama.

Ignasi aliandika "bomba", kisha akalikata. "Hao hawamo kwenye orodha yangu, mama. Nimetumwa kuwahoji wakutubi."

"Ndiyo maana umepata makabati."

Kijana alifungua ukurasa mpya. "Basi nionyeshe mmoja wao nimwulize. Nitampata wapi?"

Sabaha alikuwa ameshafungua kinywa pale basi liliposimama Magomeni. Akainuka na ndoo yake ashuke, na wote wawili wakajivuta pembeni isije ikawagusa nguo.