Sifuri ya Tarehe Kumi Desemba: Maisha ya Mwalimu Hiram Mureithi, 1944–2009

Wachungaji, wazee, majirani wa Kisaju na Noonkopir, walimu wenzake, na nyinyi nyote mlioacha kazi zenu kuja hapa, wale mko nazo, familia imeomba historia hii isomwe polepole na isifupishwe, kwa sababu Mwalimu hakupenda mtu aruke mistari.

Mwalimu Hiram Mureithi alizaliwa tarehe 4 Aprili 1944 huko Mukurweini, Nyeri, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Irungu na marehemu mama Wangui, akasomea huko huko, akapita mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1959, akaingia chuo cha ualimu Januari 1961 na kumaliza Desemba 1962, akafundisha Nyeri hadi Januari 1974 alipohamishiwa Kajiado, uhamisho ambao wenzake walimlilia kama mtu aliyefungwa jela, lakini yeye alikuja, akapapenda, na hakuomba kurudi. Alimuoa Wanjira tarehe 12 Desemba 1970, wakapata Irungu mwaka wa 1972, ambaye yuko Thika, na Kui mwaka wa 1983, ambaye ako na degree ya Environmental Science tangu 2006 na barua za regret kutoka kwa waajiri za kujaza gunia. Alistaafu mwaka wa 1999, akiwa ameishi hapa Kisaju miaka tisa, shule ikiwa ng'ambo tu ya barabara.

Tarehe 1 Machi 1993 alisimamisha rain gauge pale mnapoona kile kigingi cheupe, na tangu siku hiyo, kila saa tatu asubuhi, awe darasani, awe na wageni, alitoka, akapiga magoti, akaweka jicho sawa na maji, akasoma na kuandika. Siku isiyo na mvua aliandika sifuri, hakuacha nafasi, kwa sababu alisema sifuri maana yake mtu aliangalia akakosa, lakini nafasi tupu maana yake hakuna aliyejali. Mama Irungu alikuwa akimcheka, "Baba Irungu, mbingu imekauka hivi, unaenda kusoma nini huko?", naye anajibu, "Sifuri, mama," "Na si hata kitandani unaijua?", "Nikiwa kitandani nitakuwa ninakisia."

El Niño ya 1997 iko ndani ya hivyo vitabu, ukame wa 2000 uko ndani, na mwaka wa 2007, aliposikia kuna workshop ya climate change kwa hoteli moja Kajiado, alibeba vitabu vyote kumi na vinne kwa kiondo, akakaa nyuma, akainua mkono, na kijana wa projector akamuuliza, "Mzee, uko na qualification gani?" Alirudi nyumbani na T-shirt na chupa ya maji. Binti yake kila interview anaulizwa experience, yeye aliulizwa qualification, na hizo vitu mbili zilikuwa zinalala nyumba moja. Anyway.

Sasa familia imekubaliana kusema lile jambo ambalo hapa kila mtu analijua na hakuna anayelitaja. Machi mwaka huu, tarehe 22 na 23, gauge ilisoma milimita thelathini na nne, na Mwalimu akafungua miaka yake kumi na sita, akaona mvua ya aina hiyo, tarehe kama hizo, haijawahi kukatika, na jirani yake Lesiamon alipomuuliza, "Mwalimu, nihamishe ng'ombe saa hii zikiwa na nguvu, ama nikae?", akamwambia, "Kaa. Ni wiki mbili tu, nyasi itakuwa hapa." Lesiamon alikaa. Zikafuata sifuri arobaini na moja mfululizo, na kufikia wakati wa kuhama ng'ombe hazingeweza kutembea hata hadi Isinya, na kati ya sitini na nne zikabaki tisa. Kitabu hakikudanganya, miaka ya nyuma ilikuwa ya kweli, ni mbele ndiko kulikobadilika, na hakuna mtu duniani alimtumia Mwalimu memo.

Lesiamon alikuja hapa mwezi wa sita, akakataa kiti, akauliza, "Leo umeandika nini?", akajibiwa, "Sifuri." "Basi andika na hizo zangu." Mwalimu akapiga mstari kwa rula, akaongeza safu kando ya mvua, akaandika ng'ombe hamsini na tano, na kuanzia hapo Lesiamon hakumuuliza tena kitabu kinasema nini, hata siku moja, na wale waliokula na Mwalimu wanajua jinsi hilo lilimkata maini.

Tangu hapo Mwalimu hakumwambia tena mtu tarehe ya mvua. Alisema, hama mapema, uza wachache wakiwa wanono, panda mtama na maharagwe ya miezi miwili, migunga isikatwe kuchomwa mkaa, na kisima cha mvua kichimbwe wakati wa jua. Mwezi wa nane alichukua jembe akaanza kuchimba silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua, kwenye mpaka wake na Lesiamon, peke yake, siku tatu, hadi Lesiamon akaja na karai lake, hakusalimu, akaanza kubeba udongo. Wiki hii wakubwa wa dunia wako Copenhagen kwa mkutano wa climate change, kwa ukumbi wenye heater, wanabishana kuhusu adaptation na mitigation, na sisi adaptation yetu ilikuwa mzee wa miaka sitini na tano akimeza vumbi ndani ya shimo. Tarehe 3 Novemba ilinyesha milimita thelathini na nane, silanga ikajaa, ng'ombe tisa wakanywa, na Mwalimu akasimama ukingoni akikohoa na kucheka kwa pamoja.

Kikohozi hicho kikawa nimonia, akalazwa Kajiado tarehe 30 Novemba, na kila asubuhi Kui alisoma gauge na kumpigia simu, naye kwa pumzi ile ndogo anauliza, "Ulipiga magoti?" Aliaga dunia Alhamisi tarehe 10 Desemba 2009, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, sisi sote tukiwa hospitalini, na saa tatu ikapita.

Jioni hiyo kitabu kilikuwa wazi mezani, nafasi ya tarehe kumi ikiwa tupu, ya kwanza kwa miaka kumi na sita, na Irungu akasema, "Kui, weka tu sifuri, kila mtu anajua haikunyesha." Kui akamuuliza, "Nani aliangalia?" Mlangoni Lesiamon, aliyekuwa amekuja kutoa pole, akavua kofia. "Ni mimi. Saa tatu. Niliinama hivi, kama yeye. Hakuna kitu." Kui akaandika sifuri, na kando yake herufi L.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi waliomsitiri hadi mwisho, walimu wenzake, kanisa, majirani waliopika na kuteka maji, vijana waliochimba kaburi kwenye udongo huu mgumu, na mzee Lesiamon, ambaye hatuna neno la kumtosha.

Leo asubuhi gauge imesomwa, ni milimita mbili nukta tano, imeandikwa. Pumzika kwa amani, Mwalimu, usiamke, saa tatu ya kesho ni yetu.